Kranki Iliyochelewa Rubona

Busasamana, 5 Juni 2023

Bwana Janvier, fundi wa injini, bandarini Rubona,

Aliyekuletea mzigo huu ni Jado, dereva wa pikipiki. Ndani ya gunia, chini ya majani ya mgomba, mna kranki ya injini yangu, ule mhimili wenye kiwiko unaopokea nguvu ya pistoni na kuzungusha kinu. Usimwache Jado aondoke kabla hujaifungua na kuhakikisha haikugongwa njiani. Yeye huendesha kana kwamba volkano imeshaanza.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya silinda moja, kuukuu kuliko wewe. Niliinunua kwenye chama cha ushirika wa kahawa huko Karagwe, nilikokuwa karani, nikarudi nayo Rwanda juu ya lori, mimi nikiwa nimekaa juu yake. Imesaga mahindi na mtama wa Busasamana tangu hapo. Mwezi uliopita muuza oili wa hapa sokoni aliniuzia uchafu, na injini ikakwama ghafla. Nilipoifungua nikakuta shingo ya kranki, pale konrodi, fimbo ya pistoni, inapoishika, imekwaruzika vibaya.

Ipeleke kwa mchongaji wa vyuma mwenye mashine ya kuaminika. Aisugue shingo mpaka iwe duara laini tena, kisha wewe utafute beringi za kipimo kipya. Usiichomelee. Narudia: usiichomelee. Moto wa kuchomelea hupinda kranki, na kranki iliyopinda haina tofauti na chuma chakavu.

Nina haraka, na sababu yake ni hii. Binti yangu Isimbi, anayefanya kazi ofisini Kigali, anataka nifunge kinu nikaishi kwake. Tumekubaliana kwamba injini ikiunguruma kabla ya mavuno ya mtama kwisha, mwishoni mwa Agosti, nabaki hapa. Isipounguruma, nafunga virago. Mimi nikitoa neno silirudishi. Kwa hiyo makazi yangu yamo ndani ya gunia hilo.

Usinipigie simu. Sauti za simu siku hizi ni nyembamba mno. Andika, umpe Jado.

Gakwaya

*

Rubona, 8 Juni 2023

Muzee Gakwaya,

Salut sana. Muzigo imefika muzima, na Jado pia imefika, lakini yeye alikuwa anatetemeka kuliko muzigo.

Bon, nimeangalia. Vilebrequin yako, ile we unaita kranki, iko na ugonjwa lakini haikufa. Nilipima shingo yake: upande moja iko munene, upande ingine iko mwembamba, sawa yai. Nitaipeleka kwa Régis, tourneur wa Gisenyi mujini, mwenye kuchonga vyuma muzuri kupita bengine. Juma hii ao ingine, kazi imekwisha. Sitachomelea, nimesikia.

Swali moja tu, na usikasirike. Mbele ya kukwama, injini ilikuwa inagonga ndani? Tok-tok-tok, sawa mutu iko mulangoni? Juu shingo haigeuke yai siku moja.

Ni mi, Janvier

*

Busasamana, 10 Juni 2023

Bwana Janvier,

Haikugonga. Nimeishi na injini hii kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na marehemu mke wangu, na huyu wa chuma ndiye msemaji zaidi. Ingegonga ningesikia. Nilikwisha kukuambia kwamba ni oili. Fundi anayeulizwa kuhusu kranki ajibu kuhusu kranki.

Nasubiri.

Gakwaya

*

Ujumbe wa simu, 14 Juni 2023

ISIMBI: Habari za kazi, Bwana Janvier. Mimi ni Isimbi, binti wa Mzee Gakwaya wa Busasamana. Jado ndiye aliyenipa namba yako. Nina ombi la ajabu. Usiharakishe kranki ya baba.

JANVIER: Madame, Régis ataimaliza juma hii. Baba yako iko na haraka ya moto.

ISIMBI: Najua. Imalize, kisha uiweke kabatini hadi Septemba. Sikuombi uiharibu.

JANVIER: Nitamuambia nini muzee?

ISIMBI: Chochote. Tangu lini fundi akakosa kisingizio?

JANVIER: Hapo umenishika. Ariko, lakini kwa nini, Madame?

ISIMBI: Kwa sababu nataka azeeke akiwa na mikono miwili. Tafadhali.

*

Rubona, 26 Juni 2023

Muzee Gakwaya,

Pardon kwa kuchelewa. Machine ya Régis ilikata courroie, ule mukanda ya kuzungusha. Akatafuta ingine, akapata, ariko siku ile ile akaitwa Musanze, dada yake anaposwa, na yeye ndiye mwenye kusema mbele ya wageni. Hajarudi. Tena zile coussinets, beringi za shingo, tuliagiza Kigali, bakatutumia za lori. Tumezirudisha.

Kuwa na moyo muzuri. Inakuja.

Janvier

*

Busasamana, 29 Juni 2023

Bwana Janvier,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Kwanza, mkanda. Mashine ya mchongaji wa vyuma ikikatika mkanda, hununuliwa mwingine pale pale mjini na kufungwa kabla chai haijapoa. Mimi mwenyewe ninao miwili ukutani. Ungeandika ningemtuma Jado.

Pili, posa. Dada wa Régis anaposwa wiki nzima? Ni dada mmoja, au unaposwa ukoo mzima kwa mkupuo? Nimehudhuria posa nyingi, huku na Karagwe. Mazungumzo yakiwa marefu sana watu huona njaa na kukubaliana.

Tatu, beringi. Yangu inakaa kiganjani. Ya lori ningeweza kuivaa kama bangili. Unataka niamini kwamba nyie wawili mliipokea, mkaigeuza, mkaitazama, msione kosa mpaka siku nzima ikapotea?

Mtama umeanza kukomaa. Wanawake wanapita mlangoni kwangu na mizigo kichwani wakienda kwenye kinu cha umeme kule juu. Umeme ukikatika, wanashuka na mizigo ile ile. Wao wananitazama mimi, na mimi naitazama barabara ya Rubona.

Nijibu kwa jambo ambalo mtu mzima anaweza kuliamini.

Gakwaya

*

Ujumbe wa simu, 1 Julai 2023

JANVIER: Madame, baba yako ananipasua vipande kwa kalamu. Vilebrequin imekwisha, inangaa. Niache niipeleke.

ISIMBI: Vumilia kidogo.

JANVIER: We unasema kidogo kwa sababu barua haziji kwako.

*

Rubona, 11 Julai 2023

Muzee Gakwaya,

Régis amerudi. Ariko kazi ilipoanza, akaona shingo imeliwa sana, ikabidi tuchomelee kidogo, kidogo tu, ndio tusugue. Usiogope, haikupinda hata kidogo, nilipima mi mwenyewe. Sasa inapumzika ipoe muzuri. Hiyo kupoa inachukua siku.

Janvier

*

Busasamana, 13 Julai 2023

Bwana Janvier,

Umenisaidia sana. Mpaka sasa sikuwa na hakika.

Shingo ya kranki ile haichomelewi ikabaki imenyooka bila kurudishwa kwenye mashine na kunyooshwa kwa presi. Wewe unalijua hilo, mimi nalijua, na Régis, kama kweli yupo, analijua. Umesema mmeichomelea na haikupinda. Basi hamkuichomelea. Na kama hamkuichomelea, unanidanganya. Na mtu hadanganyi juu ya kitu alicho nacho.

Jado anasema huko Rubona kuna boti za wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, zenye injini kama yangu. Sikuwa nimetaka kulifikiria hilo. Sasa nalifikiria usiku na mchana. Umeuza kranki yangu, Janvier. Umempa mtu anayevua, na mimi umeniacha na maganda ya injini na binti anayenifungia mizigo.

Nilikuomba ufundi. Sikujua kwamba ningehitaji pia kukuomba uaminifu. Kama kuna kipande chochote kilichobaki, kirudishe kwa Jado leo.

Gakwaya

*

Rubona, 14 Julai 2023

Muzee,

Fungua gunia. Toa ile vilebrequin. Chukua micromètre yako na upime shingo pande zote. Beringi ziko mu kikopo pembeni, za kipimo chake, hapana za lori. Hakuna mahali moto imegusa. Kazi ilikwisha kati kati ya mwezi wa sita, na tangu siku ile imelala mu kabati yangu. Nimeipaka mafuta kila juma sawa mutoto.

Mi siko mwizi. Baba yangu alitoka Masisi na ngombe ya jirani zake, bale benye balikimbia mbele. Alitembea nazo mpaka huku, moja moja akairudisha kwa mwenyewe. Hiyo ndio nyumba yenye nimetoka. Kuniita mwongo, ndiyo, nilisema uongo, na uongo mubaya tena. Ariko mwizi, hapana. Hiyo neno sitaimeza.

Ni binti yako aliniomba nichelewe mpaka Septemba. Nilikubali, hiyo ni kosa yangu. Yeye atakuambia sababu.

Na juu umenichoma roho, nitakuambia na ile nilikuwa nimeificha kwa heshima. Injini iligonga, Muzee. Iligonga tangu Pâques, ile Pasaka. Jado alisikia. Pulchérie mwenye kuuza maharagi mbele ya kinu chako alisikia. Soko yote ilisikia. Oili ilikuwa ya muzuri, ilikuwa tu imepunguka, na chuma ikawa inalia. We peke yako hukusikia.

Janvier

*

Busasamana, 18 Julai 2023

Isimbi,

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunzia kusoma barua zangu, na kwa sababu kwa Kinyarwanda ningesema maneno mazito zaidi.

Kranki imerudi. Nimeipima. Ni kazi safi, kuliko niliyotarajia. Fundi amenieleza ilikuwa wapi na kwa amri ya nani.

Mimi nimehamishwa mara nyingi, mwanangu. Nilivushwa Kagera mgongoni mwa mama yangu, na hakuniuliza kwa kuwa sikuwa nimejua kusema. Huko ng'ambo tulipandishwa malori kutoka kambi hii kwenda ile, na ofisa mwenye orodha akasema ni kwa faida yetu. Nilipotoka Karagwe, majirani niliokula nao walisimama kando ya barabara wakinihesabia vitu nilivyopakia. Lakini katika kunihamisha kote huko, wote walikuja mlangoni. Mlango nilikuwa nao, wakaupiga, wakaniambia ondoka. Wewe umepitia dirishani, kwa fundi wa boti.

Nilidhani ahadi ile ilikuwa ya watu wawili. Kumbe mimi nilikuwa nakimbia mbio ambazo wewe ulikuwa umekwisha kuziondolea kamba ya mwisho.

Na huyo Janvier wako ananiambia mimi ni kiziwi. Amesema soko zima lilisikia injini ikigonga. Sijamuuliza mtu. Sioni haja ya kumuuliza mtu.

Baba yako

*

Kigali, 23 Julai 2023

Shikamoo Baba,

Nimekukosea, na sitaitafutia kosa hilo nguo nzuri. Nilipaswa kuja mlangoni. Nilikuja, Baba. Nilikuja Pasaka, na huo ndio mwanzo wa yote.

Niliposhuka kwenye pikipiki nikaisikia injini kutoka barabarani. Mimi sijui injini, lakini nimekua nikilala usingizi wa mchana kwa sauti ya ile, na siku hiyo haikuwa ile. Nikaingia, nikakuita. Nikakuita tena. Ulikuwa umenipa mgongo, unamimina mahindi, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikipaza sauti kwa baba yangu kama muuza samaki. Ulipogeuka ukashtuka, kisha ukacheka, ukasema nimeingia kwa kunyata.

Usiku ule nilikuuliza koti lako la sufu liko wapi. Ukasema panya. Baba, ni panya gani anayekula mkono mzima wa koti, kuanzia begani, na kuacha mwingine? Asubuhi Pulchérie akaniambia. Mkanda wa injini ulilishika koti, akapiga kelele, watu wakapiga kelele, na wewe hukugeuka hadi mshono ulipokatika wenyewe. Ungekuwa mshono imara, leo ningekuwa namwandikia nani?

Nilitaka kukuambia. Nilijua utajibu nini. Ungesema sauti zetu ndizo zimekuwa nyembamba.

Kranki unayo. Ukiiwasha, ahadi ni ahadi, sitasema tena Kigali. Lakini kabla hujaiwasha, muulize Pulchérie kwa nini hakukuambia kwamba injini inagonga. Mimi nilimuuliza, na jibu lake bado linaniuma.

Binti yako,
Isimbi

*

Busasamana, 14 Agosti 2023

Isimbi, mwanangu,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kuvuka barabara. Ni hatua chache tu kutoka kinuni hadi kwa Pulchérie, na sijawahi kuziona ndefu vile. Nikamwambia aseme kwa nguvu, na anitazame usoni. Akaona haya, akaanza kupanga maharage yake upya.

"Muzee," akasema, "injini ni yako. Nani atamwambia mama kwamba mutoto wake analia? Tulisema anasikia. Tulisema anajua sababu, anaiacha kwa makusudi."

"Wote mlisema hivyo?"

"Wote. Tuliona ni aibu kukufundisha."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mwanamke aliyeleta mahindi alisikia chuma kikilia, akanitazama usoni, akaniona nimetulia, akasema moyoni: mzee huyu ana subira. Wakanisifu huko nyuma. Heshima yao imenilia kranki, na ilibaki kidogo inile mkono. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Mimi mwenyewe ningefanya vile vile mbele ya mzee kama mimi. Nilimlaumu muuza oili, nikaenda kumwomba radhi. Alipokea kwa ubaridi, na ana haki.

Jumamosi Janvier alipanda huku na vyombo vyake. Hatukusalimiana vizuri. Alifunga kranki, nami nikamshikia taa na kumsahihisha, naye akanijibu kwa Kifaransa kila aliposahihishwa. Tulipofika kwenye konrodi nikaweka taa chini, nikamwambia mbele ya Jado kwamba neno lile la wizi nalirudisha, mimi nisiyerudisha maneno. Jado anasema nililitamka kwa sauti ambayo ilifika hadi kwa jirani zetu wa Cyanzarwe. Janvier akasema, "Bon. Sasa shika taa muzuri, Muzee, unamulika mlima."

Ikawaka kwa mzunguko wa pili. Nilisimama nimeweka kiganja juu ya silinda na kuihisi ikipumua, na kwa muda ule sikuwa na neno juu ya mtu yeyote. Pulchérie alikuwa amekuja kutazama, na nusu ya soko nyuma yake. Mahindi yakaanza kushuka. Mara injini ikazima. Nikageuka, nikamkuta Pulchérie ameshika koki ya dizeli, ameifunga mwenyewe.

Nilimfokea, Isimbi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nani amemruhusu kuzima injini ya mtu? Alinyoosha kidole kwenye lile gurudumu zito la pembeni. Janvier akaigusa nati yake. Ilizunguka kwa kidole. Gurudumu lile lina uzito wa watu wawili, na lingechomoka lingeelekea pale nilipokuwa nimesimama.

Sikuwa nimesikia chochote. Kwangu ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hilo ndilo lililonishinda. Nilitoka nje nikatazama mawingu ya mlimani mpaka Janvier alipomaliza kukaza nati.

Sasa sikiliza uamuzi wangu. Injini imeunguruma kabla Agosti haijaisha, na mtama bado uko shambani. Nabaki Busasamana, na wewe utanyamaza kama ulivyoahidi. Lakini Pulchérie ndiye anayewasha na kuzima. Mimi napima oili, nabadilisha vichujio, nagombana na wateja, na nakaa upande wa pili wa mkanda, mahali alipochora mstari kwa chaki. Anauchora upya kila asubuhi kwa sababu unga huufuta. Nimemwambia kwamba kuanzia sasa aniambie kila anachosikia. Hilo lilikuwa kosa jingine. Ananiambia kila kitu, hata visivyohusu chuma.

Jambo la mwisho. Jumatatu ijayo nakuja Kigali, unipeleke kwa daktari wa masikio. Usiseme kwamba umeshinda. Nakuja kutengenezwa, kama kitu chochote.

Leo nimeshuka Gisenyi kukata tiketi ya basi. Nikamwambia binti wa dirishani, Belyse jina lake kama kibandiko kilivyosema, kwamba nataka mbili, ya kwenda na ya kurudi. Akasema kitu. Nikamwomba arudie. Akasema tena. Nikamwomba aandike, na ni mara ya kwanza nimemwomba mgeni jambo hilo. Hakuonyesha kuchoka. Akachukua kipande cha karatasi akaandika: "Muzee, bado hujaenda, unataka kurudi? Ya kurudi utaikata Kigali, mabasi ni mengi."

Nikasema hapana, naitaka sasa. Akaandika kwamba nikichelewa itakuwa imepotea bure. Nikasema sitachelewa. Wenye foleni nyuma yangu walianza kunung'unika. Hilo naamini, maana niliona midomo yao.

Sikumweleza. Ningemweleza nini, msichana wa umri ule, kwenye dirisha dogo vile? Kwamba nimevuka mito na mipaka, nimepanda malori ya kila rangi, na maisha yangu yote sijawahi hata siku moja kuondoka mahali nikiwa na tiketi ya kurudi mfukoni?

Ni ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Utanisindikiza hadi stendi, kama mgeni anavyosindikizwa, kisha nitarudi kwangu.

Baba yako,
Gakwaya